Leza ya kijani inafifia ikipata moto: uzi wa fuwele, joto na kubadilisha masafa ya mwanga

#1 Mtu wa Fuwele

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi mmoja wa vifaa vya ujenzi kuna mdau aliuliza kwa nini leveli yake ya leza ya kijani inawaka vizuri asubuhi, halafu jua likishakuwa kali mstari unafifia wakati betri imejaa. Akajibiwa "mchina huyo, tupa", uzi ukafa. Swali lilikuwa zuri kuliko majibu. Mimi leza ndizo zinazonilisha huku Ujerumani, na tatizo hilihili nakutana nalo kwenye mashine za bei ya nyumba, kwa hiyo nalifungulia uzi wake.

Kwanza hilo la mchina tuliweke sawa. Fuwele mbili zinazobeba kazi kubwa ya leza za kijani na za urujuanimno duniani, BBO na LBO, zilitoka kwenye taasisi ya Fujian pale Fuzhou, China, miaka ya 1980, kwa kazi ya Chen Chuangtian na wenzake. Maabara za Ulaya na Marekani zinaagiza kutoka huko mpaka leo. Tuendelee.

Leza nyingi za kijani, hasa za miaka ya nyuma, hazizai kijani moja kwa moja. Ndani kuna dayodi inayotoa mwanga wa nanomita 808, ambao jicho linauona kwa shida sana. Mwanga huo unaingia kwenye kipande kidogo cha vanadeti chenye neodimiamu, nacho kinatoa infraredi ya nanomita 1064 ambayo huioni kabisa. Infraredi hiyo ndiyo inapita kwenye fuwele, mara nyingi KTP. Humo fotoni (chembe za mwanga) mbili zinaungana kuwa moja yenye masafa maradufu, urefu wa wimbi unabaki nusu: 532. Hicho ndicho kijani unachokiona ukutani.

Jambo hili lilionekana mara ya kwanza mwaka 1961 Chuo Kikuu cha Michigan. Peter Franken na wenzake walipitisha leza ya rubi ya nanomita 694.3 kwenye kwatzi, wakapata nukta hafifu ya 347.2 kwenye bamba la picha. Hafifu kiasi kwamba jarida lilipochapisha ile picha, nukta yenyewe ilikuwa imesafishwa ikidhaniwa ni uchafu. Mpaka leo ukiifungua makala hiyo utakuta mshale unaoelekeza mahali pasipo na kitu.

Kwa nini ilikuwa hafifu? Kwa sababu kijani (au rangi yoyote inayozaliwa) na mwanga mama havitembei kwa kasi moja ndani ya fuwele. Kilichozaliwa mwanzoni na kilichozaliwa mbele kidogo vinakutana vikiwa vimepishana, vinafutana. Wavuvi wakivuta juya kwa wimbo mmoja nyavu inakuja. Kila mtu akivuta kwa wakati wake, jasho litatoka na juya liko palepale. Kwenye lithiamu naiobeti, fuwele nyingine ya kazi hii, bila ujanja wowote, mawimbi yanaanza kufutana baada ya maikromita tatu na ushee tu.

Ujanja ulipatikana mwaka 1962, na watu wa Bell Labs (maabara ya kampuni ya simu ya Marekani) na wa maabara ya kampuni ya magari ya Ford wakauchapisha kwa wakati mmoja, kila kundi na makala yake. Kuna fuwele ambazo kasi ya mwanga ndani yake inategemea mwanga unatetema upande gani na unasafiri kuelekea wapi. Ukiikata fuwele kwa pembe sahihi, kijani kinachotetema upande mmoja kinakwenda kasi ileile na infraredi inayotetema upande mwingine. Hapo vinavuta pamoja urefu wote wa fuwele.

Sasa joto. Hizo kasi zinabadilika fuwele ikipata moto, na hazibadiliki kwa kiasi kimoja. Usawa ulioutafuta kwa pembe unavunjika. Kila fuwele ina upana wake wa joto inaouvumilia kabla kijani hakijashuka. Kwa kipande cha sentimita 1 kutoka 1064 kwenda 532, LBO inayofanya kazi kwenye nyuzi 149 ina upana wa kama nyuzi 4 tu. KTP inavuka 20. BBO ni zaidi ya hapo. Na ukiirefusha fuwele mara mbili ili upate kijani zaidi, upana huo unakatika nusu.

Nimeandika kirefu, naona niwaachie nafasi. Karibuni.

#2 Fundi Vigae Mbagala

Mkuu, mimi ndiye yule wa leveli. Asante kwa kunisikiliza, kule walinicheka.

Ila kuna kitu hakijakaa sawa. Umesema KTP inavumilia zaidi ya nyuzi 20. Dar asubuhi ni nyuzi 25, mchana 32 au 33. Hiyo haijafika hata 10. Kwa nini ife?

#3 Mzee wa Hoja

Fundi kamkamata 😂

#4 Mtu wa Fuwele

Fundi, swali lako ndilo lililokosekana kwenye majibu yote ya ule uzi mwingine.

Kwenye kifaa kidogo kama chako KTP huwa si mshukiwa wa kwanza. Mshukiwa wa kwanza ni dayodi. Dayodi ya 808 ikipata moto, rangi yake inasogea kama nanomita 0.3 kwa kila nyuzi moja. Na wewe usipime joto la hewa, pima joto la kifaa. Boksi jeusi au la bluu lililokaa juani kwenye zege, dayodi nayo inajipasha yenyewe humo ndani, unaweza kuwa umepanda nyuzi 20 zaidi ya asubuhi. Hizo ni nanomita 6. Vanadeti inameza vizuri pale karibu na 808 na 809. Ukisogea nanomita 6, sehemu kubwa ya mwanga inapita bila kumezwa. Infraredi ya 1064 inapungua, na kijani kinapungua kwa kasi kuliko infraredi, kwa sababu kijani kinafuata mraba wake: infraredi ikishuka nusu, kijani kinabaki robo.

Halafu hata ile inayomezwa haigeuki yote kuwa mwanga. Fotoni ya 808 ina nguvu kuliko ya 1064. Tofauti yake, kama asilimia 24, inabaki ndani ya vanadeti kama joto, hata kila kitu kingekuwa kamilifu. Joto hilo linaipindisha njia ya mwanga, kipande bapa kinaanza kufanya kazi ya lenzi.

Kuna uwezekano mwingine. Angalia lebo ya onyo nyuma ya leveli yako, pale palipochorwa pembetatu ya njano. Ikiandikwa 532, ndani kuna fuwele. Ikiandikwa 515 au 520, hiyo ni dayodi inayotoa kijani moja kwa moja, hakuna fuwele ya kubadilisha masafa. Leveli nyingi za siku hizi ni za aina hiyo.

#5 Fundi Vigae Mbagala

Nimeangalia. Imeandikwa 505–550 nm. Sasa hiyo ni ipi?

#6 Mtu wa Fuwele

Hiyo ni lebo ya mtu asiyetaka kuulizwa maswali.

Fanya hivi: izime, iache ipoe kabisa, iwashe ndani kivulini. Kijani cha fuwele mara nyingi kinayumba dakika za mwanzo, kinapanda, kinashuka, kinapanda tena, kabla hakijatulia. Cha dayodi kinawaka mara moja na kutulia, kisha kikipata moto kinapungua taratibu bila kuyumba. Si kipimo cha maabara lakini kinakupa mwelekeo. Kazini, iweke kivulini, hata kipande cha boksi la vigae kikisimama upande wa jua kinatosha.

#7 Kibo Usiku

Naomba kuingilia. Mimi napenda kuangalia nyota, niko Moshi, huwa tunapanda juu kidogo ya Machame taa za mji zisitusumbue. Kalamu ya leza ya kijani naitumia kuwaonyesha vijana makundi ya nyota. Kwangu ni kinyume cha Fundi: ikipigwa na baridi ndiyo inakufa. Nikiishika mkononi au mfukoni inafufuka. Ni kitu kilekile?

#8 Mtu wa Fuwele

Kilekile mkuu, upande wa pili wa kilima. Dayodi ikipoa, rangi inarudi chini ya 808, vanadeti haiimezi vizuri. Mkono wako unairudisha.

Lakini hapa nataka kukazia jambo, maana wewe una vijana karibu. Kijani kikififia usidhani mwanga umepungua. Inaweza kuwa infraredi ni nyingi kuliko kawaida, ila haigeuzwi. Leza nzuri ina kichujio mwishoni kinachozuia 808 na 1064. Za bei rahisi mara nyingi hawaweki, ili kuokoa senti. Mwaka 2010 maabara ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti kuhusu kalamu ya kijani ya dola 15 iliyoandikwa miliwati 10. Kijani chake kilikuwa hafifu, kumbe inatoa karibu miliwati 20 za infraredi. Jicho halikonyezi kwa infraredi, kope hazifungi, hujui chochote mpaka umeumia. Mwaka 2013 wakapima vifaa 122 vya leza, na takriban asilimia 90 ya vile vya kijani havikukidhi kanuni za usalama.

Kwa hiyo kalamu iliyofifia kwa baridi usiichungulie kuona kama inafanya kazi. Ielekeze juu, subiri ipate moto.

Na kwa kuwa unapenda nyota: kule Paranal, Chile, darubini ya ESO (shirika la nchi za Ulaya la kuchunguza anga) inarusha leza nne za njano, wati 22 kila moja, kutengeneza nyota bandia kwenye tabaka la sodiamu angani. Nanomita 589. Wanazipata kwa kuongeza maradufu infraredi ya 1178 ndani ya LBO.

#9 Mzee wa Hoja

Kiongozi, tunakusikiliza, lakini naona mnazunguka. Kama tatizo ni joto, weka feni. Kompyuta yangu ina feni, friji ina gesi. Wazungu wana hela za kurusha njano angani washindwe kupoza kijiwe cha sentimita moja?

#10 Mtu wa Fuwele

Mzee wa Hoja, hapa ndipo utamu ulipo, nivumilie.

Kijiwe chote kikiwa na nyuzi 40 badala ya 30 hakuna msiba. Unasogeza pembe, au unaweka fuwele ndani ya oveni ndogo yenye sensa na unachagua joto unalotaka. Joto lililo sawa kila mahali linatibika. Kinachotutoa jasho ni joto lisilo sawa. Mwanga wenyewe ndio unaopasha fuwele kutoka ndani, pale katikati unapopita, na feni yako iko nje. Katikati kuna moto, pembeni kuna baridi, na joto moja la oveni haliwezi kuwafaa wote wawili. Ukiiweka sawa katikati, kingo zimetoka kwenye mstari. Tena si upana tu: kijani kinakua kuelekea mwisho wa fuwele, kwa hiyo mdomo wa kutokea una moto kuliko wa kuingilia.

Tufanye hesabu, ni fupi. Mwali wa duara ukipasha sawasawa eneo unalopita, tofauti ya joto kati ya katikati na ukingo wa mwali ni nguvu iliyomezwa, gawanya kwa 4π × upitishaji joto × urefu wa fuwele. Fuwele hizi zinapitisha joto vibaya: KTP ni kama wati 3 kwa mita kwa nyuzi, LBO inazunguka 3.5, wakati shaba ni karibu 400. KTP ya sentimita 1 ikimeza wati 1:

1 ÷ (4 × 3.14 × 3 × 0.01) = nyuzi 2.7 hivi.

Angalia kitu kimoja: kipenyo cha mwali hakimo kwenye hesabu. Watu wengi wanadhani ukiutanua mwali tofauti ya joto inapungua. Haipungui. Kinachopungua ni ukali wa lenzi inayojitengeneza, kwa sababu mteremko uleule wa joto umetandazwa kwenye eneo kubwa.

Sasa linganisha. Kijani cha wati 100 ndani ya KTP ambayo inaweza kumeza hadi asilimia 1 kwa sentimita: ni kama wati 1, nyuzi 2.7. LBO inameza sehemu chache hadi makumi kadhaa tu kwa milioni. Chukua 20 kwa milioni, sentimita 2: wati 100 zinaacha miliwati 4. Tofauti ya joto haifiki hata nyuzi 0.01, wakati upana wake kwa urefu huo ni nyuzi 2. Kwenye karatasi LBO inaonekana dhaifu kwa sababu ya ule upana wa nyuzi 4. Kwenye mashine yenye nguvu ndiyo inayosimama, maana haijipashi. Haishangazi kwamba leza za GreenLight za kutibu tezi dume zilianza na KTP kwa wati 80, zilipopanda wati 120 zikahamia LBO, kisha zikafika 180.

Feni inasaidia kutoa joto lililofika ukutani. Haisaidii lile lililokwama katikati. Ndiyo maana unakuta watu wanakata fuwele kuwa vibamba vyembamba na kuvibana na yakuti safi ya maabara, ambayo inapitisha joto mara kumi zaidi, au wanaupa mwali umbo la bapa ili joto litoke kwa njia fupi juu na chini.

#11 Mkemia Tabora

Kaka, hii nimeipenda. Swali la kikemia: niliwahi kusoma kwamba KTP inaingia mstari mweusi ndani ikitumika sana. Ni kuungua?

#12 Mtu wa Fuwele

Si kuungua dada, angalau si kwa maana ya jiko. Kijani kikali kinang'oa elektroni ndani ya fuwele, baadhi zinanaswa kwenye ioni za titani na kasoro zilizomo, na eneo hilo linaanza kumeza mwanga. Linapata rangi ya kijivu kufuata njia ya mwali. Likimeza mwanga linapata moto, na unaujua mzunguko unaofuata.

Cha kushangaza ni kwamba tiba yake ni joto. Ukiiendesha KTP ikiwa ya moto, karibu nyuzi 80 hadi 100 au zaidi, kijivu kinajiundia kwa shida, na kilichokwisha kujiunda kinafifia. Lithiamu naiobeti ina ugonjwa wa jamaa yake: mwanga unasukuma chaji za umeme, chaji zinabadilisha kasi ya mwanga, mwali unatawanyika. Ashkin na wenzake wa Bell Labs waliuripoti mwaka 1966. Nayo inapona ikipashwa, ndiyo maana oveni zake zinafika nyuzi 200, na pia siku hizi inachanganywa na magnesiamu oksaidi kama asilimia 5 ili ivumilie bila moto mkali.

#13 Biomed wa Pwani

Hamjambo nyote, niko Mombasa, kazi yangu ni kutunza vifaa vya hospitali. Leza za macho za 532 tunazo, zile za kuchoma mishipa ya retina kwa wagonjwa wa kisukari. Sitaji ni wapi. Kuna moja ilishuka nguvu baada ya stima kupotea mara kwa mara ikiwa imewashwa. Aliyeuza akasema ni "kawaida ya uzee". Je, stima inaweza kuidhuru fuwele?

#14 Mtu wa Fuwele

Ndugu yangu, inategemea fuwele gani, lakini kama ni LBO ya moto jibu ni ndiyo, inaweza.

LBO ni kiumbe cha ajabu. Ukiipasha, inatanuka kwa mhimili mmoja na *inasinyaa* kwa mwingine. Si kidogo: kwa mhimili wa x inatanuka kama sehemu 108 kwa milioni kwa kila nyuzi, kwa y inasinyaa kama 88 kwa milioni. Kutoka nyuzi 149 kushuka 29 ni nyuzi 120; upande wa x peke yake umesogea zaidi ya asilimia 1. Kioo kingeshapiga kelele. Sasa juu ya uso wa fuwele kuna utando mwembamba wa kuzuia mwanga usiakisiwe, na utando huo hautaki michezo hii. Ukishusha joto polepole, nyuzi chache kwa dakika, unafuata. Umeme ukikatika na oveni ikapoa yenyewe kwa mkupuo, halafu ukarudi na kuipasha kwa fujo, siku moja utando unapasuka nyufa kama za tope lililokauka, na kila ufa unameza na kutawanya mwanga.

Kwa hiyo UPS (betri ya akiba ya umeme) ya mashine ya namna hiyo si ya kulinda kompyuta tu. Oveni nayo iwe kwenye UPS. Huku kwetu, stima haikatiki ovyo lakini bado oveni ina njia yake ya umeme iliyojitenga, na kidhibiti chake kimewekewa mwendo wa kupanda na kushuka.

Pwani una adui wa pili, unyevu. BBO na hasa KDP, fuwele nyingine ya kubadilisha masafa, zinavuta maji kutoka hewani. Uso unapata ukungu. LBO inavuta kidogo. Fuwele iliyo ya moto muda wote haipati umande. Ile inayozimwa jioni kwenye chumba ambacho kiyoyozi nacho kimezimwa, ndiyo inayokutana na hewa ya bahari ikiwa inapoa.

#15 Mzee wa Hoja

Sawa, nimekubali feni haitoshi. Lakini bado nina hoja. Wamarekani pale maabara ya Livermore, California, wana leza 192 za kuunganisha viini vya atomu, desemba 2022 wakapiga megajuli 2.05 wakapata nishati zaidi ya waliyopiga. Nao wanabadilisha infraredi kuwa urujuanimno kwa fuwele. Kama wati 100 zinakutoa jasho wewe, mbona zao hazikuyeyuka?

#16 Mtu wa Fuwele

Kwa sababu wanapumzika, Mzee.

Ni kweli, kila mwali pale unapita kwenye vibamba vya KDP vyenye upana wa sentimita 40 hivi, kutoka nanomita 1053 kwenda 351. Pigo linadumu sehemu chache tu za bilioni za sekunde. Nguvu ya papo hapo ni ya kutisha, na hatari yake kwa fuwele ni kupasua uso. Lakini joto linalojikusanya linafuata wastani. Gawanya megajuli 2.05 kwa sekunde 86,400 za siku nzima: unapata wati 24. Pigo moja kwa siku, kwa wastani, ni balbu. Limegawanywa kwa miali 192, kwenye vibamba vikubwa kama dirisha, na kuna saa nyingi za kupoa. Leza ya kiwandani ya wati 100 inayokata saa 24 mfululizo ina wastani mkubwa kuliko hiyo, umepita kwenye kijiwe kidogo kuliko kucha.

Wanachohangaika nacho wao ni kwamba vibamba vyote viwe na joto linalojulikana kabla ya pigo, maana pembe zinapangwa kulingana na joto hilo.

#17 Mkemia Tabora

Umesema kwenye #12 "unaujua mzunguko unaofuata". Huo mzunguko nataka kuuelewa. Fuwele ikijipasha kwa kijani chake yenyewe, si itajitoa yenyewe kwenye mstari na kijani kushuka, ipoe, irudi? Inakuwa kama kidhibiti cha asili?

#18 Mtu wa Fuwele

Nusu uko sahihi dada, na nusu nyingine ndiyo inayotukosesha usingizi. Inategemea uko upande gani wa kilele.

Chukua lithiamu naiobeti iliyogeuzwageuzwa ndani kila maikromita tatu na ushee ili mawimbi yasifutane. Upana wake wa joto ni mwembamba, nyuzi mbili tatu kwa sentimita, na inameza kijani kuliko LBO. Weka mwali wenye nguvu, anza kupandisha oveni kutoka upande wa baridi. Kijani hafifu. Unapokaribia kilele kinaanza kupanda. Kikipanda kinaipasha fuwele. Fuwele ikipata moto inasogea karibu zaidi na kilele. Kijani kinapanda tena. Hapo hakuna kidhibiti, hapo ni moto wa nyika. Ghafla nguvu inaruka, kilele kinapitwa, unajikuta upande wa moto, na ukiendelea kupandisha oveni kijani kinashuka taratibu.

Sasa geuza, shusha oveni kutoka upande wa moto. Hapa ndipo kidhibiti chako kipo. Oveni ikipoa kidogo, kijani kinaongezeka, na joto la kijani linafidia lililopungua. Fuwele inajishikilia. Unapanda nayo pole pole mpaka kileleni kabisa, juu kuliko ulikofika ulipokuwa unapandisha. Halafu unashusha tena kidogo tu, labda sehemu ya kumi ya nyuzi, na nguvu yote inaporomoka kwa mkupuo. Kuirudisha si kupandisha ile sehemu ya kumi. Inabidi upande mbali zaidi mpaka iruke tena, ndipo uanze kushuka upya.

Kwa hiyo ukichora kijani dhidi ya joto la oveni, mchoro wa kupanda na wa kushuka haufanani. Mgeni akiuona anadhani sensa mbovu. Na kilele kiko ukingoni mwa genge, hivyo hatukai kileleni. Tunakaa hatua moja upande wa moto, tunapoteza asilimia chache, tunalala.

Kuna la ziada: kadiri unavyoongeza nguvu ya infraredi, ndivyo joto bora la oveni linavyoshuka, kwa sababu fuwele inachangia lake. Mtu akikupa mashine na kukuambia "oveni iwe 61.3 siku zote", muulize kwa wati ngapi.

#19 Kibo Usiku

Hiyo ya genge nimeisoma mara mbili. Kumbe hata kalamu yangu inaweza kuwa inafanya hivyo?

#20 Mtu wa Fuwele

Kwa kalamu, hapana, haina nguvu ya kutosha kujipasha kiasi hicho. Kuyumba kwake kuna chanzo kingine: ndani ya leza kuna rangi kadhaa za infraredi zilizokaribiana mno, zinagombania fuwele moja, na kijani kinacheza. Mtu anayeitwa Baer alilieleza mwaka 1986 na mafundi wakalibatiza "tatizo la kijani". Joto linabadilisha ni zipi zinazogombana, ndiyo maana kalamu inapitia vipindi vya kutulia na vya kuchanganyikiwa inapopata moto.

#21 Biomed wa Pwani

Nimerudi. Ile mashine ni LBO, nimethibitisha kwenye kitabu chake, oveni imeandikwa 148.6. Nikiifungua nianzie wapi? Sitaki kugusa fuwele bila sababu.

#22 Mtu wa Fuwele

Usiiguse. Anza na infraredi kabla ya fuwele: pima nguvu yake kwa kipimo kinachosoma 1064, ukiwa na miwani ya 1064 na 532 kwa pamoja, si ya kijani peke yake. Infraredi ikiwa imeshuka, fuwele haina kosa, rudi nyuma kwenye dayodi na maji ya kupozea.

Infraredi ikiwa nzima, acha oveni itulie angalau nusu saa. Kisha shusha na kupandisha kwa sehemu ya kumi ya nyuzi, subiri kila mara, andika kijani. Ukipata kilele safi mahali pengine, tuseme 149.4, basi sensa imehama na utando labda ni mzima. Ukikuta kilele palepale 148.6 lakini kifupi, hapo mulika uso wa fuwele kwa tochi ya pembeni, leza ikiwa imezimwa na oveni imeshushwa kwa mwendo wake, utafute nyufa kwa lenzi ya kukuza. Na ukikuta kilele kimenenepa au kina vilele viwili, joto halilingani kutoka mwanzo hadi mwisho wa fuwele. Angalia kama bado imebanwa vizuri kwenye shaba, maana ile foili laini inayowekwa katikati huwa inahama ikipashwa na kupozwa mara nyingi.

Leta namba za kijani kwa kila joto, kupanda na kushuka, tuzichore hapa.